Moto Unaojitengenezea Upepo: Historia ya Kutabiri Moto wa Msituni kwa Tarakilishi

Programu nyingi tunazoandika zina jambo moja linalofanana: data huingia upande huu, jibu hutoka upande ule. Unaingiza kiasi cha mkopo na riba, yanatoka malipo ya kila mwezi. Malipo hayo hayawezi kurudi nyuma yakaibadilisha riba uliyoingiza.

Moto wa msituni hufanya hivyo hasa. Upepo huusukuma moto, moto huipasha hewa joto, hewa hiyo hupanda juu, na hewa nyingine hukimbilia pale chini kujaza nafasi. Hewa hiyo inayokimbia ni upepo. Kwa hivyo upepo ulioupima asubuhi ukauingiza kwenye programu huenda usiwe ule utakaovuma mbele ya moto saa kumi alasiri, maana moto wenyewe umeshaubadilisha. Jibu limeigeukia data.

Leo nataka tupitie historia ya watu waliojaribu kuandika programu ya kitu cha namna hii. Ni historia ya zaidi ya miaka sabini, ina vifo vingi, na ndani yake mna fomula ya mwaka 1972 ambayo mpaka leo haijastaafu.

Korongo la Mann, 1949

Mnamo Agosti 5, 1949, wazimamoto 15 waliruka kwa miavuli kutoka kwenye ndege, wakatua katika korongo liitwalo Mann Gulch, jimbo la Montana, Marekani. Huko chini walikutana na mlinzi mmoja aliyekuwa akipambana na moto peke yake, wakawa 16. Siku hiyo joto katika mji wa karibu wa Helena lilifika nyuzi 36. Moto ulikuwa upande wa pili wa korongo na haukuonekana wa kutisha. Kiongozi wao, Wag Dodge, akaanza kuwateremsha kuelekea mto Missouri ili wawe karibu na maji. Njiani akaona jambo ambalo hakulitarajia. Moto ulikuwa umeruka korongo. Sasa ulikuwa chini yao, upande wao, ndani ya nyasi zilizokauka, na upepo ulikuwa ukiupandisha mlima.

Waligeuka wakaanza kukimbia kupanda. Yeyote aliyewahi kuchoma shamba kwenye mteremko anajua kwamba mlima humchosha mtu lakini huupa moto nguvu. Ndimi za moto huinamia nyasi za juu na kuzikausha kabla hazijaguswa. Dodge alipoona hawatafika kileleni, aliwasha kiberiti, akachoma nyasi zilizokuwa mbele yake, kisha akaingia kwenye majivu ya moto huo mdogo na kulala kifudifudi. Aliwaita wenzake waingie naye. Hakuna aliyemfuata. Moto mkubwa ulipofika haukukuta chochote cha kula pale, ukampita. Wenzake wawili walipenya kwenye ufa wa mwamba karibu na kilele, wakapona. Watu 13 walikufa.

Kulikuwa na mtafiti mmoja wa moto mjini Missoula, Montana, aliyeitwa Harry Gisborne. Alikuwa na nadharia kuhusu jinsi moto ule ulivyoruka korongo: aliamini kwamba visulisuli vilizaliwa pale pepo zilipokutana, vikaubeba moto hadi upande wa pili. Novemba mwaka huo huo alikwenda mwenyewe kuyakagua mahali pale, ingawa moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alikufa siku hiyo hiyo huko korongoni. Kwa hivyo tangu mwanzo kabisa wa historia hii, swali la upepo na moto lilikuwepo mezani. Kilichokosekana ni namna ya kulikokotoa.

Mhandisi wa ndege ndani ya handaki la upepo

Mwaka 1946, Wallace Fons wa Idara ya Misitu ya Marekani alikuwa ameshachapisha wazo la msingi. Alisema tuutazame moto unaosonga kama mfululizo wa viberiti: kijiti kinachowaka hukipasha moto kijiti cha mbele yake, na kijiti hicho kikifikia joto la kuwaka, nacho huwaka. Kasi ya moto basi ni hesabu ya muda ambao kila kijiti huchukua kupata joto hilo.

Wazo zuri, lakini lilihitaji vipimo. Mwaka 1960 ilifunguliwa maabara ya moto mjini Missoula, na vifo vya Mann Gulch vilikuwa mojawapo ya sababu zilizosukuma ijengwe. Ndani yake kulikuwa na mahandaki ya upepo, yaani vyumba virefu ambamo feni kubwa hupuliza hewa kwa kasi inayopimwa. Miongoni mwa walioajiriwa alikuwa Richard Rothermel. Huyu hakuwa mtu wa misitu. Alikuwa mhandisi wa ndege, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi kwenye mradi wa Marekani wa kutengeneza ndege inayoendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Watu wa ndege wanajua mahandaki ya upepo.

Rothermel na wenzake walichoma vitanda vya vijiti na nyuzi za mbao, mara kwa mara, wakibadilisha upepo, mwinamo, unene wa vijiti na unyevu. Mwenzake William Frandsen alichapisha mwaka 1971 hesabu ya nishati iliyouweka msingi, na mwaka 1972 Rothermel akatoa modeli kamili.

Ukiisoma fomula yake utaona ni sehemu, ina juu na chini. Juu kuna joto linalofika kwenye fueli iliyo mbele ya moto (fueli hapa ni nyasi, majani makavu, vijiti na vichaka). Chini kuna joto linalohitajika ili fueli hiyo iwake. Ikiwa mbichi, joto jingi litapotea kwa kukausha maji kwanza. Gawanya cha juu kwa cha chini, unapata kasi. Upepo na mwinamo huingia kama nyongeza mbili zinazokuza kile cha juu. Ukiiandika kwa lugha yoyote ya programu, haizidi mistari mia moja hivi.

Ila ina masharti yake, na Rothermel hakuyaficha. Fueli iwe ya aina moja na imeenea sawasawa. Moto uwe unatembea ardhini, wala haujapanda kwenye vilele vya miti. Moto uwe umeshatulia kwenye kasi yake. Na upepo uwe namba moja ambayo mtumiaji anaiingiza mwenyewe. Mahali pa moto kuubadilisha upepo hapakuwepo. Kwa mwaka 1972 hilo lilikuwa chaguo la busara, kwani hakukuwa na tarakilishi ambayo ingeweza kufanya vinginevyo mahali penye moshi.

Kadi, kikokotoo na chipu

Huku kwetu tunasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kwenye moto, utabiri unaochelewa ni maiti. Kwa hivyo kazi kubwa ya miaka ya mwanzo ilikuwa kuifikisha hesabu mikononi mwa mtu aliyesimama kando ya moto.

Waaustralia walipitia njia yao. Alan McArthur alichoma mamia ya mioto ya majaribio msituni kwenyewe, akatazama ilivyokwenda, kisha akayaweka matokeo kwenye kadi za duara zinazozungushwa. Unapanga joto, unyevu wa hewa, ukame na upepo, unasoma hatari kuanzia 0. Namba 100 iliwekwa kwa kuangalia siku mbaya kuliko zote zilizojulikana huko: Januari 13, 1939, siku ambayo mioto ya jimbo la Victoria ilifikisha vifo vya watu 71. Wazo lilikuwa kwamba kupita hapo hakuna kwa kwenda. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Marekani nako, mwaka 1976 Frank Albini aliigeuza fomula ya Rothermel kuwa michoro ya kusomwa kwa rula na penseli. Kisha mwaka 1979 jambo lililonifurahisha sana nilipolisoma: Robert Burgan alieleza chipu maalumu iliyochomekwa kwenye kikokotoo cha Texas Instruments TI-59, yenye hesabu za moto tayari ndani yake. Mzimamoto angeweza kukitia mfukoni, akabonyeza namba zake mlimani, akapata kasi ya moto na urefu wa ndimi zake. Tunaposifia programu za simu tukumbuke kwamba kuna watu walikwenda nazo porini kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Katikati ya miaka ya 1980 ikaja programu ya BEHAVE, ambayo Patricia Andrews na wenzake waliiandaa pale Missoula. Fueli zote za Marekani zilikuwa zimepangwa katika makundi 13: nyasi fupi, nyasi ndefu, vichaka, majani ya msonobari, mabaki ya ukataji miti na kadhalika. Unachagua kundi, unaingiza unyevu na upepo, unapata jibu. Lakini jibu lilikuwa la nukta moja tu, bila ramani.

Yellowstone, 1988

Kiangazi cha 1988 moto uliingia katika hifadhi ya Yellowstone. Mwanzoni mwa Agosti wataalamu, Rothermel mwenyewe akiwa miongoni mwao, waliketi wakachora ramani za mahali ambapo mioto ingefika. Walitumia hali ya hewa ya miaka iliyopita kama kipimo cha kinachowezekana.

Mwaka huo haukufanana na iliyopita. Mvua haikunyesha, na wimbi moja la upepo mkavu likaja baada ya jingine. Mioto ikavuka mipaka iliyochorwa. Agosti 20, siku moja tu, ziliungua zaidi ya ekari 150,000. Theluji za Septemba zilipoanza kuupoza moto, karibu asilimia 36 ya hifadhi ilikuwa imeguswa.

Ukitafuta kosa, hutalikuta ndani ya fomula. Liko kwenye kile kilichoingizwa: upepo uliotarajiwa haukuwa upepo uliokuja. Aidha, moto mkubwa uliopanda vileleni mwa miti ulikuwa nje ya masharti ya 1972. Rothermel alirudi kazini, na mwaka 1991 akatoa njia ya kukadiria moto wa vileleni.

Duaradufu za Huygens

Tarakilishi za mezani zilipopata nguvu, ramani zikawezekana. Njia moja ilikuwa ya gridi: gawanya nchi katika miraba, moto uruke kutoka mraba hadi mraba. Peter Kourtz na William O'Regan walikuwa wameshaijaribu mwaka 1971. Shida ya gridi ni kwamba moto hulazimika kufuata pande chache za miraba, na umbo lake hutoka na pembe ambazo moto wa kweli hauna.

Njia ya pili ilitoka mahali pasipotarajiwa. Christiaan Huygens, Mholanzi wa karne ya 17, alieleza mwanga kwa kusema kila nukta ya wimbi huzaa wimbi dogo, na wimbi jipya ni ukingo wa nje wa hayo madogo yote. Mwaka 1982 watafiti wa Australia walionyesha kwamba moto wa nyasi unaweza kuchorwa vivyo hivyo. Kila nukta ya ukingo wa moto huzaa moto wake mdogo wenye umbo la duaradufu, uliorefushwa upande unakoelekea upepo. Zungusha ukingo mpya kuzunguka duaradufu zote, umepata moto wa dakika chache zijazo.

Mark Finney wa Missoula aliijenga programu ya FARSITE juu ya wazo hilo katika miaka ya 1990, na maelezo yake kamili yakachapishwa mwaka 1998. Ukingo wa moto ni poligoni, kila kona inapiga fomula ya Rothermel kwa fueli na mwinamo wa mahali pake, kisha inasonga. Kazi ngumu kwa mwandishi wa programu ilikuwa pale poligoni inapojikunja na kujikata yenyewe, au mioto miwili inapokutana: ni lazima programu itambue kipi kimeshaungua ili moto usile majivu.

FARSITE ilitumika na bado inatajwa kila mahali. Lakini hebu tazama upepo wake ulitoka wapi: kwenye faili la maandishi. Saa, kasi, upande. Saa, kasi, upande. Faili liliandaliwa kabla, na hakuna lolote ambalo moto ungefanya ndani ya programu lililoweza kugusa mstari mmoja wa faili hilo.

Mbio zisizo na ushindi

Kabla ya FARSITE kukamilika, fomula ya 1972 ilirudi Mann Gulch. Mwandishi Norman Maclean, aliyekuwa profesa wa fasihi Chicago, alitumia miaka ya uzee wake kutafuta nini kiliwapata vijana wale. Alifika kwenye maabara ya Missoula akawauliza Rothermel na Albini. Maclean alikufa mwaka 1990, na kitabu chake, Young Men and Fire, kikatoka 1992. Mwaka 1993 Rothermel alitoa ripoti yake mwenyewe, ambamo aliweka mstari wa moto na mstari wa watu kwenye mchoro mmoja, dakika kwa dakika. Kichwa cha ripoti kinasema kwamba zile zilikuwa mbio ambazo haziwezekani kushinda. Wazazi wengine walikuwa wakidai kwa miaka kwamba moto wa Dodge ndio uliowaua watoto wao. Sasa palikuwa na hesabu, japo ya makadirio, ya lini kila kitu kilitokea.

Mwaka uliofuata, Julai 6, 1994, wazimamoto 14 walikufa kwenye mlima Storm King, Colorado. Ukingo wa hewa baridi ulipita alasiri, upepo ukapanda ghafla, na moto uliokuwa ukitambaa ukapanda mlima ukiwafuata. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wameuona ukingo huo ukija. Taarifa haikuwafikia waliokuwa mlimani. Mwana wa Maclean, John, ndiye aliyeandika kitabu cha moto huo, mwaka 1999. Baba na mwana, miaka 45 kati ya mioto miwili, na katika yote miwili watu wanakimbia kupanda.

Kukifunga kitanzi

Wakati huo huo mjini Boulder, Colorado, kwenye kituo cha taifa cha utafiti wa anga kiitwacho NCAR, Terry Clark alikuwa na programu ya aina nyingine kabisa. Yake ilikuwa ya mawingu na hewa inayopanda milima. Haikujua moto ni nini. Lakini mtu anayeigiza mawingu tayari ana hesabu ya hewa ya joto inayopanda, na moto kwa upande wa hewa ni chanzo cha joto tu.

Mwaka 1996 Clark, Mary Ann Jenkins, Janice Coen na David Packham walichapisha modeli iliyounganisha vitu hivyo viwili. Kila hatua ya muda huenda hivi: modeli ya hewa inaupa moto upepo wa pale ulipo, moto unasonga kwa kasi inayotokana na upepo huo, joto na mvuke wa kilichoungua vinaingizwa kwenye hewa ya juu yake, hewa inakokotolewa upya, upepo mpya unarudi kwa moto. Kitanzi kimefungwa.

Jambo walilolipata lilikuwa zuri. Walianza na mstari wa moto ulionyooka, upepo wa wastani ukiusukuma. Baada ya muda mstari ukapinda wenyewe kama upinde, sehemu ya katikati ikitangulia. Hakuna aliyeiambia programu ipinde. Nguzo ya hewa ya moto iliyopanda mbele ya mstari ilivuta hewa kutoka nyuma na kandokando, ikaipa katikati nguvu zaidi kuliko mbavu. Watu waliokuwa wamepigana na moto kwa miaka walilijua umbo hilo kwa macho. Modeli za awali zililiweka kwa mkono, kwa kuamua kwamba moto ni duaradufu. Hapa lilizaliwa lenyewe kutokana na fizikia. Katika hali nyingine mstari ulichomoza vidole vya moto, visulisuli vidogo vikiubeba moto mbele. Gisborne angetikisa kichwa kukubali.

Na ni fomula gani iliyosogeza moto ndani ya modeli hizi za hewa? Zilipoendelezwa kwa kazi za kila siku, ikawa ile ile ya Rothermel. Mwaka 2010 modeli ya hali ya hewa ya WRF, ambayo hutumika duniani kote, ilitolewa ikiwa na sehemu ya moto. Sehemu hiyo iliendelezwa na Jan Mandel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver juu ya kazi ya Clark na Coen. Ukiifungua, imeandikwa kwa Fortran, utakuta mlinganyo wa vijiti vya handaki la upepo ukipigwa hesabu maelfu ya mara kwa kila hatua.

Linaleta swali ambalo mwanaprogramu yeyote atalitambua. Rothermel aliupima upepo wa handaki kabla haujavurugwa na moto. Modeli ya kisasa inampa upepo ambao moto umeshauvuruga. Jina la kigeu ni lile lile, maana imebadilika. Watafiti wanalijua hilo na wamejadili upepo uchukuliwe mita ngapi kutoka moto na kimo gani kutoka ardhini. Lakini kuibadilisha fomula si rahisi, kwa sababu aina zote za fueli (zilizoongezwa na kufika 40 katika orodha mpya ya mwaka 2005) zimepimwa ili ziifae fomula hiyo. Ukiing'oa, unang'oa na miaka hamsini ya data.

Bei ya ukweli

Kama modeli ya kitanzi ni bora, mbona wazimamoto wengi bado wanatumia zile za zamani? Jibu ni hesabu. Chukua gridi ya hewa yenye miraba ya kilomita moja. Ukitaka kuona vizuri zaidi, uikate nusu kwa urefu, upana na kimo, unapata visanduku mara 8. Na kwa kuwa visanduku ni vidogo, hatua ya muda nayo lazima ipungue nusu, vinginevyo hesabu inapasuka. Jumla ni kazi mara 16. Kata nusu tena, mara 256. Upepo unaozaliwa na moto uko kwenye mamia ya mita na makumi ya mita, huku utabiri wa kawaida wa hali ya hewa ukitumia miraba ya kilomita kadhaa: moto mzima unaweza kutoshea ndani ya mraba mmoja.

Wale wa Missoula walichagua njia tofauti ya kutumia nguvu za mashine. Badala ya kuendesha modeli moja nzito, waliendesha modeli nyepesi maelfu ya mara, kila mara na hali ya hewa tofauti inayowezekana, kisha wakatoa ramani ya uwezekano: hapa moto utafika mara 80 katika 100, pale mara 5. Baada ya Yellowstone unaelewa kwa nini. Ukiwa huujui upepo, ni heri useme hivyo kwa namba.

Njia hizo mbili zinajibu maswali tofauti. Ile ya maelfu inamfaa anayeamua wapi apeleke magari wiki ijayo. Ile ya kitanzi inamfaa anayetaka kujua kama jioni hii moto utageuka.

Na kugeuka ndiko kunakoua. Januari 18, 2003, moto uliingia Canberra, mji mkuu wa Australia, ukaua watu 4 na kuteketeza nyumba karibu 500. Takriban miaka kumi baadaye watafiti walithibitisha kwamba siku hiyo moto ulizaa kimbunga cha kweli kilichoshuka kutoka kwenye wingu lililotengenezwa na moto wenyewe. Februari 7, 2009, Victoria iliungua tena. Kadi ya McArthur, ile ambayo 100 ilikuwa mwisho wa dunia, ilivukwa kwa mbali. Kisha upepo ukabadilika upande, na ubavu mrefu wa moto ukawa ndio uso wake. Walikufa watu 173. Mfumo mzima wa kupima hatari ukabadilishwa Septemba 2022. Juni 30, 2013, huko Yarnell, Arizona, hewa iliyomwagika kutoka dhoruba ya radi iligeuza moto, na wazimamoto 19 wa kikosi kimoja wakafa.

Mwaka 2015 jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya kuilipa NCAR ili kuigeuza modeli ya kitanzi kuwa chombo cha kazi. Hatua hiyo ilikuwa na maana kwao, lakini moto haungoji. Desemba 30, 2021, upepo ulioshuka milimani kwa kasi ya zaidi ya kilomita 160 kwa saa ulisukuma moto wa nyasi ndani ya vitongoji vya wilaya ya Boulder, wilaya yenye makao ya NCAR. Ziliungua zaidi ya nyumba 1,000. Moto ulipofika kwenye mitaa, fueli ikawa nyumba: kila moja ilirusha cheche kwenye ya jirani. Katika zile aina 40 za fueli, nyumba haimo.

Na kwetu je?

Bara la Afrika huchangia zaidi ya nusu ya eneo linaloungua duniani kila mwaka, sehemu kubwa ikiwa nyasi za savana. Milima yetu nayo inaungua: Mlima Kenya Machi 2012, Kilimanjaro Oktoba 2020. Zana nilizozitaja zinapatikana. Msimbo wa WRF uko wazi kwa yeyote, na nukta za moto zinazoonwa na setilaiti hutolewa bure na NASA saa chache baada ya setilaiti kupita.

Ila makundi yale 13 ya fueli, na yale 40, yalipimwa kwa nyasi na vichaka vya Marekani. Vichaka vya erika vya Mlima Kenya, vyenye mafuta ndani ya majani, vina unene wao, uzito wao na unyevu wao wa asubuhi na wa alasiri. Tarakilishi kubwa haiwezi kuvikisia. Lazima mtu apande na mizani na mfuko, akate, apime, akaushe, apime tena. Rothermel naye alianza hivyo hivyo, kwa vijiti mezani, miaka kadhaa kabla ya kutoa modeli yake ya 1972.